Uarabuni kwa Miaka, Kiarabu cha Dukani

*Katika kambi za wafanyakazi za Muhaisnah, mjini Dubai, Waafrika Mashariki huzungukwa na lugha nyingi kuanzia alfajiri hadi usiku. Wako wanaotoka na mbili au tatu kinywani, na wako wanaokaa miaka wasitoke na hata moja. Makala haya yanatafuta sababu.*

Baada ya magharibi, wakati mabasi meupe ya makampuni yanapoanza kuwateremsha wafanyakazi katika barabara za Muhaisnah ya Pili, na nguo zilizofuliwa alfajiri zikiwa zimekwisha kukauka kwenye vyuma vya roshani, kijana mmoja mwenyeji wa Kwale, angali na suruali ya kazi yenye mistari ing'aayo, aliingia katika duka dogo ambalo watu wa huko huliita bakala, akaweka vitunguu juu ya mizani, akamwuliza mwenye duka: “Bhai, piyaz kitna?” Yaani, ndugu, vitunguu bei gani?

“Teen,” alijibiwa; yaani dirhamu tatu. “Do,” akasema kijana, akaonyesha na vidole viwili asije akasingiziwa kuwa hakusikika. Wakacheka wote wawili, wakakutana katikati, na chenji ikahesabiwa kwa Kiingereza.

Yalikuwa maongezi ya nusu dakika, lakini mtu akiyatazama vizuri huona ajabu yake. Kijana wa Kwale hakuzaliwa na Kihindi, wala mwenye duka hakuzaliwa nacho, kwani yeye ni mtu wa Kerala ambaye lugha ya mama yake ni Kimalayalam na Kihindi alikiokota papa hapa Dubai. Na juu ya vichwa vyao, mlangoni, palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa Kiarabu, lugha ya dola, ambayo hakuna aliyeitamka hata kwa neno moja.

Kijana huyo ana miaka minne katika nchi ya Waarabu. Kihindi cha sokoni anakijua, Kiurdu cha madereva anakielewa, na Kiingereza alikuja nacho. Nilipomwuliza juu ya Kiarabu alitikisa kichwa. “Hicho ni cha dukani tu,” alisema. “Nikiambiwa njoo nakuja, nikiambiwa nenda nakwenda.”

Mji wa dhahabu

Muhaisnah iko upande wa mashariki wa Dubai, karibu na mpaka wa Sharjah, nayo imegawanyika mafungu manne. Muhaisnah ya Nne ina maghorofa ya familia, skuli na soko la Madina Mall. Muhaisnah ya Pili ndiyo yenye kambi, na wakazi wake hawaiiti kwa jina la serikali bali huiita Sonapur, neno la Kihindi lenye maana ya mji wa dhahabu. Sijui kama jina hilo lilitolewa kwa matumaini au kwa kejeli, na wala wakazi niliowauliza hawakupatana.

Walio wengi ni watu wa Bara Hindi: Wahindi wa majimbo mbalimbali, Wapakistani, Wabangladeshi na Wanepali. Waafrika Mashariki waliongezeka katika miaka ya karibuni, hususan Wakenya na Waganda wanaoajiriwa kuwa walinzi wa majengo, wafagiaji, watumishi wa hoteli na wachukuzi wa mizigo, na pamoja nao Watanzania, Warundi na Wakongo kidogo. Katika Falme za Kiarabu nzima, takriban watu tisa katika kila kumi ni wageni, kwa hiyo yule mwenye lugha ya nchi ndiye mchache, na yule anayetazamia kuisikia barabarani atasubiri sana.

Wahenga wa pwani walituambia kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi, na sisi tukaongeza, bila ya kuulizwa, kuwa kukaa kwingi ni kujua kusema. Kila mzazi anayempeleka mwanawe ughaibuni hujifariji kwa imani hiyo, na kila wakala anayesafirisha watu huiuza: “Lugha utaipata hukohuko.” Imani hii inastahili kupimwa, na Muhaisnah ni mahali pazuri pa kuipimia.

Isitoshe, Mswahili hafiki Uarabuni mikono mitupu. Anapohesabu sita, saba na tisa, anapotaja saa, wakati, habari, hesabu, dawa na sabuni, anatamka maneno ambayo Mwarabu huyatambua bila ya mkalimani. Na anapotaja gari, chapati na hundi, Mhindi naye hugeuka kusikiliza. Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambacho tangu mwaka 1947 kinafundisha wanadiplomasia lugha za walimwengu, humkadiria msemaji wa Kiingereza majuma 36 ya darasani kwa Kiswahili na majuma 88 kwa Kiarabu. Mwenye akiba ya Mswahili angetazamiwa kumaliza mapema zaidi ya hapo. Kambini, aghalabu, hamalizi kabisa.

> “Nikiambiwa njoo nakuja, nikiambiwa nenda nakwenda.”

Kiarabu kilichovunjwa na wenyewe

Sababu ya kwanza huonekana mara mtu anaposikiliza kile Kiarabu chenyewe kinachosemwa baina ya wenyeji na wafanyakazi. Si Kiarabu cha Kurani, wala cha redio, wala kile ambacho watu wa Ghuba huzungumza majumbani mwao. Ni lugha iliyopunguzwa, iliyozaliwa sokoni na kazini baina ya Waarabu na watu wa Bara Hindi, na ambayo mtaalamu J. R. Smart aliiandikia taarifa ya mwanzo mwaka 1990. Vitenzi vyake havibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati. Neno “fi” hubeba mizigo ambayo katika Kiarabu hasa hubebwa na maneno mengi: “ana fi shugul” ni kusema nina kazi au ninafanya kazi, jana au kesho, yote sawa. “Mudir mafi” ni kusema mkubwa hayupo. Mwanamume huitwa “inta”, yaani wewe, na mwanamke naye huitwa vivyo hivyo, jambo ambalo katika Kiarabu safi ni kosa la kumfanya mtoto wa madrasa achekwe.

Walakini tusifanye haraka kuidharau. Mtu aliyeshuka uwanja wa ndege juzi huweza, kwa maneno mia moja ya lugha hii, kuuliza njia, kukataa kazi ya hatari, kudai ndoo na sabuni, na kumwambia msimamizi kuwa mwenzake anaumwa. Ni mtumbwi unaomvusha mtu mto, na aliyekwisha kuvuka hana sababu ya kuutukana. Taabu huanza anapotaka kwenda nao baharini.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo wanaosifu kujifunza kwa kuishi hawalisemi. Mwarabu anapozungumza na mfagiaji hazungumzi Kiarabu chake. Hukivunja kwanza, kwa huruma au kwa haraka au kwa mazoea, kisha humpa vipande. Mfagiaji huvipokea akidhani amepewa lugha nzima, huvirudisha kama alivyovipokea, na mwenyeji anapovisikia husadiki kuwa huyu hana uwezo wa zaidi ya hivyo, akaendelea kumvunjia. Miaka hupita hivyo, kila mmoja akimfunza mwenziwe upungufu, na hapana hata mmoja aliyekusudia ubaya.

Mlinzi mmoja, mwanamke wa Mombasa aliyesoma madrasa hadi kuhitimu, alinieleza namna alivyojaribu siku moja kumjibu mkazi wa jengo kwa sentensi kamili ya Kiarabu, kwa irabu zake na heshima zake. Yule bwana alisimama, akamtazama, kisha akamjibu kwa Kiingereza. “Nadhani alishtuka,” alisema mama huyo akicheka. “Kama mtu aliyesikia mlango ukimsalimia.”

Mdomo kwanza au kitabu kwanza?

Miongoni mwa Waafrika Mashariki wa Muhaisnah yako makundi mawili yanayobishana juu ya jambo hili, na ubishi wao hauishi hata kwenye vikombe vya chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki inayouzwa katika mikahawa midogo ya kando ya njia.

Kundi la kwanza ni la watu wa mdomo. Mlinzi mmoja kutoka magharibi ya Kenya, ambaye kazi yake ni kukaa mbele ya lifti za jengo kubwa mjini na kurudi kambini usiku, ndiye aliyelisemea kwa ufasaha mkubwa kuliko wote. “Mimi sikufundishwa Kiarabu, Kihindi wala Kitagalogi,” alisema. “Kila anayepita namsalimia kwa lugha yake. Akijibu, namnasa neno moja. Kesho namrudishia neno lake, ananiongezea la pili. Wale wenye daftari tulikuja nao ndege moja, na mpaka leo wanaogopa kuomba chumvi.”

Hoja yake haikosi nguvu. Amepata kweli Kihindi cha kumwezesha kusuluhisha ugomvi wa madereva wa teksi mlangoni, na nilimsikia kwa masikio yangu akimbembeleza fundi wa mabomba kwa lugha hiyo mpaka fundi akakubali kurudi kazini. Haya ya kukosea hana. Na haya, kwa kila mwalimu wa lugha aliye mkweli, ndiyo adui wa kwanza.

Kundi la pili huongozwa na mzee mmoja mzaliwa wa Unguja, aliyekuja pande hizi za Ghuba angali kijana, na ambaye haishi kambini wala hana msimamizi. Mzee huyu huja Muhaisnah kuwatazama watu wa kwao, na hasira zake juu ya Kiarabu cha vipande ni hasira za mtu aliyetukaniwa mama.

“Mwanangu,” aliniambia, “hicho wanachosema si Kiarabu, ni kubabaisha. Kinafaa kununulia nyanya. Siku kampuni isipokulipa mshahara miezi mitatu, ukasimama mbele ya hakimu, utamwambia ‘mafi fulusi’? Hakimu atakuhurumia, lakini hukumu haiandikwi kwa huruma.”

Mzee yumo katika haki. Mahakama za Dubai husikiliza na kuandika kwa Kiarabu, na asiyekijua hutegemea mkalimani. Mwanzoni mwa mwaka 2016, Wizara ya Kazi ya Falme za Kiarabu ilipoanza kulazimisha kila mfanyakazi apewe barua ya ajira katika lugha anayoifahamu kabla ya kusafiri, lugha zilizotayarishwa zilikuwa kumi na moja: Kiarabu, Kiingereza, Kibengali, Kichina, Kidari, Kihindi, Kimalayalam, Kinepali, Kisinhala, Kitamili na Kiurdu. Kiswahili hakikuwamo. Mtu wa Nzega au wa Lamu aliyetaka kujua anatia saini jambo gani ilimpasa ajue Kiingereza cha kutosha, na Kiingereza cha sheria ni lugha nyingine tena ndani ya lugha.

Kwa Mtanzania hasa jambo hili lina uzito. Mkenya na Mganda wametoka katika skuli ambako Kiingereza huanza mapema, na ndiyo maana mashirika ya ulinzi huwapenda. Mtanzania aliyeishia darasa la saba amesomeshwa kwa Kiswahili, kwa fahari na kwa haki, lakini anapofika mbele ya mtihani wa leseni ya ulinzi hujikuta anaanza nyuma ya wenziwe. Wengi huishia kwenye ufagio, ilhali akili zao hazina kasoro.

Mfanyakazi wa Costa Rica

Ubishi huu wa mdomo na kitabu si mpya, na wataalamu wameugusa kwa njia ambayo mkazi wa Muhaisnah angeitambua mara moja. Mwaka 1973, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, mtafiti aitwaye John Schumann alishiriki katika kumfuatilia kwa miezi kumi mfanyakazi wa miaka thelathini na mitatu kutoka Costa Rica, ambaye katika maandishi alipewa jina la Alberto. Alberto alikuwa ndani ya Marekani, amezungukwa na Kiingereza usiku na mchana, na katika miezi yote kumi karibu hakupiga hatua.

Alikaa na watu wasiosema Kiingereza, akafanya kazi na watu wasiosema Kiingereza, na kwa fedha zake alinunua stereo apate kusikiliza nyimbo za lugha yake. Schumann alijaribu kumfundisha namna ya kukanusha sentensi. Mazoezini alifanya vyema, na alipozungumza kwa hiari yake alirudi palepale. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1978, Schumann aliona sababu kubwa kuwa ni umbali baina ya mtu na jamii ya wenye lugha. Wenye lugha hawakumhitaji isipokuwa kwa kazi yake, naye hakuona njia ya kuwa mmoja wao.

Wenye kitabu wakisikia hadithi hii husema, “Mnaona, kuishi hakufundishi.” Wenye mdomo husema, “Mnaona, hata darasa halikumsaidia.” Mimi naona wote wawili wamesikia nusu.

Kwa upande mwingine iko hadithi ya watoto wa Saint-Lambert, karibu na Montreal nchini Kanada, ambako mwaka 1965 wazazi wenye Kiingereza waliwaingiza watoto wao katika madarasa yanayosomeshwa kwa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Mtindo ulienea Kanada nzima. Watoto walielewa Kifaransa karibu sawa na wazaliwa. Lakini Merrill Swain, aliyewachunguza wanafunzi wa mtindo huo na kuandika mwaka 1985, aliona kuwa walipofungua vinywa makosa yalibaki, kwa kuwa darasani husikiliza sana na kusema kidogo. Masikio yao yalilishwa, ndimi zao zikafa njaa.

> Mwarabu anapozungumza na mfagiaji hazungumzi Kiarabu chake. Hukivunja kwanza, kisha humpa vipande.

Kadhi wa Mombasa

Historia ya pwani yetu imejaa wageni waliojifunza lugha kwa kuishi, nasi tumezoea kuwasifu kwa bidii zao. Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mke na mtoto mchanga katika miezi ya mwanzo, na juu ya msiba huo akakaa kuandika maneno ya Kiswahili; sarufi yake ilitoka mwaka 1850 na kamusi yake mwaka 1882. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwongozo wake wa lugha ukachapwa mwaka 1870. Vilikuwa vitabu vya watu wenye subira, na hapana ubishi juu ya hilo.

Lakini tuulize nani alikaa nao. Krapf alikuwa na kadhi wa Mombasa, mtu wa elimu, aliyeketi pamoja naye katika kutarjumu kitabu cha Mwanzo. Steere alikuwa na wenyeji wa Unguja waliomsimulia hadithi na kumsahihisha. Wajerumani nao, walipofungua chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin mwaka 1887, waliweka kanuni ya kuwa profesa afundishe sarufi na mzaliwa wa lugha azungumze na wanafunzi. Ndiyo maana Amur bin Nasur wa Unguja na, baada yake, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo walivuka bahari kwenda kuwazoeza maofisa wa Kijerumani kusema Kiswahili. Mtoro hakudumu katika kazi hiyo, kwa dharau alizofanyiwa na wanafunzi wake. Hata hivyo wanafunzi hao walikuwa na bahati ambayo mfagiaji wa Dubai haijui.

Mgeni mwenye cheo hupewa kadhi. Mgeni mwenye ufagio hupewa “yalla, jaldi”, yaani haya, upesi, neno la Kiarabu na neno la Kihindi kwa pamoja. Wote wawili wanaishi ndani ya lugha ya watu, na kwa hesabu ya miaka huenda wa pili akawa amekaa zaidi. Tofauti yao ni kuwa mmoja huambiwa habari, huulizwa rai yake, husubiriwa amalize sentensi, na mwingine huamrishwa tu. Lugha ya amri ni fupi, na anayeishi ndani yake hujifunza ufupi wake.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Waomani wa Zanzibar. Sultani Qaboos alipotwaa utawala mwezi Julai 1970, akawaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga nchi, walirejea maelfu kutoka Unguja, Pemba na bara, wengi wao wakiwa na Kiswahili cha nyumbani, Kiingereza cha skuli na Kiarabu haba. Walichekwa kwa matamshi yao. Lakini walirudi kwa ndugu, wakapewa uraia na kazi za serikali, watoto wao wakaingia skuli za Kiarabu, na baada ya kizazi kimoja mtoto wa Mzanzibari wa Maskati husoma hotuba kwa Kiarabu na kumkaripia nyanya yake kwa Kiswahili. Wao walichekwa wakiwa ndani ya nyumba. Mtu wa kambi hachekwi, na ukimya huo ndio unaomgharimu.

Ndani ya nyumba za watu

Wako Waafrika Mashariki wa Dubai wanaokijua Kiarabu cha Ghuba barabara, nao si wanaume wa kambi. Ni wanawake wanaofanya kazi majumbani. Dada mmoja kutoka Uganda, aliyemlea mtoto wa familia ya Kiarabu tangu angali mchanga, huzungumza kwa lahaja ya watu wa huko mpaka mwenye duka la vitambaa humwuliza ukoo wake.

Nilimwuliza alifundishwa na nani. “Yule mtoto,” alisema. “Nilipokosea alinicheka mpaka akaanguka chini, kisha ananitamkisha tena. Bibi yake naye alikuwa haoni vizuri, kila jioni anataka nimsimulie nani kapita na kafanya nini. Ningenyamaza vipi?”

Mtoto asiye na adabu ya kunyamazia makosa na kikongwe mwenye kiu ya habari: walimu wawili ambao hapana chuo kingeweza kuwaajiri. Lakini lazima isemwe kuwa nyumba hizohizo zinazofundisha lugha vizuri ndizo ambazo milango yake, kwa wengine, imefungwa. Wamo waliosoma Kiarabu kwa sababu simu zao zilichukuliwa na hapakuwa na mwingine wa kusema naye. Sheria ya nchi ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, na ile iliyoifuata mwaka 2022, humpa mtumishi siku ya mapumziko kila juma. Kuipata ni jambo jingine, na dada huyu alikiri kuwa katika nyumba yake ya kwanza hakuiona. Ufasaha uliopatikana kwa njia hiyo siwezi kuusifu kama mafanikio ya mbinu ya kufundishia.

Kiswahili cha chumba cha watu sita

Na sasa jambo ambalo sikulitazamia nilipopewa kazi hii. Katika Muhaisnah ya Pili iko lugha moja ambayo watu hujifunza upesi, kwa kuishi na kwa kusema, na kufikia kiwango cha kutaniana, kugombana na kupatana. Lugha hiyo ni Kiswahili.

Waganda wengi hufika bila hicho, au wakiwa nacho cha kusikia tu. Kwao Kiswahili kilikaa muda mrefu na sifa ya lugha ya askari na ya wanyang'anyi, na ijapokuwa baraza la mawaziri la Uganda liliamua mwezi Julai 2022 kuwa kifundishwe kwa lazima katika skuli za msingi na sekondari, uamuzi ni wepesi kuliko walimu. Lakini mtu wa Masaka akipangiwa kitanda katika chumba cha watu sita, na wanne kati yao wakawa wa Kenya na Tanzania, wanaochanga fedha za unga, wanaopika ugali kwa zamu katika jiko la shirika na kubishana juu ya Simba na Yanga mpaka jirani wa Kinepali agonge ukuta, basi baada ya mwaka huwa anabishana nao.

Mmoja wao alinisimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika cha Nairobi na cha Tanga, kisichofuata mipaka ya nchi yoyote. “Walinicheka sana, kaka,” alisema. “Nilikuwa nasema ‘kitu changu, watu changu, siku changu’. Yule Mtanga kila nikikosea anasema: rudia, la sivyo hupati mboga.”

Upatanisho wa majina ni sehemu ya Kiswahili inayowatoa jasho hata maprofesa wa ng'ambo. Huyu aliupata kwa kunyimwa mboga. Hakukuwa na kitabu, na wala siwezi kusema kuwa mdomo peke yake ulitosha, kwa kuwa mdomo huohuo ulikuwa ukisema Kiarabu kila siku kazini bila ya kufika popote. Ila kule chumbani alikuwapo mtu aliyemtaka aseme vizuri, na akamsubiri mpaka aseme.

Bei ya Ijumaa

Mzee wa Unguja ana shauri lake. Anataka darasa la Kiarabu kwa Waafrika Mashariki, siku ya Ijumaa baada ya sala, ambalo halitaanza kwa sarufi bali kwa maongezi, na ambalo kila mwanafunzi atapewa mwenyeji mmoja wa kuzungumza naye kwa juma zima. Wenyeji wa kujitolea, anasema, watapatikana. Misikitini wamo wazee wastaafu ambao watoto wao wamehama na ambao wangefurahi kuulizwa habari zao. Mlinzi wa lifti alimsikiliza kwa taadhima, akasema fikra ni njema, kisha akauliza nani atakayekuja.

Swali halikuwa la ukaidi. Mlinzi hukaa zamu ya saa kumi na mbili, na basi humchukua muda wa kwenda na kurudi. Kinachobaki ni kufua, kupika, kupiga simu nyumbani na kulala. Ijumaa si ya mapumziko kwa kila mtu, kwani majengo hulindwa na vyoo husafishwa siku zote saba. Makampuni mengine huruhusu madarasa ya Kiingereza ya watu wa kujitolea ndani ya kambi, na wasimamizi huyapenda kwa sababu mfanyakazi mwenye Kiingereza huongezewa kazi ya kupokea wageni; madarasa ya Kiarabu, ambayo yangemwezesha asome mkataba wake, sikuonyeshwa hata moja.

“Basi nilipeni mimi,” alisema mzee, nusu kwa utani, “nije nigombane nanyi kwa Kiarabu kila usiku.”

Mfagiaji mmoja kutoka Tabora, aliyekuwa amenyamaza kitambo chote akikoroga chai, ndiye aliyeuliza bei. Kuna chuo mjini alichokisikia, kinachofundisha Kiarabu cha mazungumzo jioni, na ada yake ni zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi. Alitoa simu akaonyesha picha ya nyumba ya matofali isiyo na paa, aliyoijenga kwa mama yake, na tarehe ambayo mvua huanza kwao. Akakokotoa hesabu kwa sauti, sita, saba, tisa, na mzee akimfuatisha midomo. Ada ya chuo ilikuwa sawa na mabati ya upande mmoja wa paa. Mwezi huu atanunua mabati, alisema, na wa pili upande wa pili. Kisha akamgeukia mzee akamwuliza, Kiarabu cha kumwambia msimamizi kuwa hesabu ya saa zake za ziada ina makosa kinasemwaje, naye mzee akavuta kiti.